Pipa la Mama Nyuma ya Jiko

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vifaa vya umeme pale Bilele, mjini Bukoba, kununua balbu, nikatoka bila balbu, nimejaa hasira. Dada wa dukani hakunikosea kitu. Alikuwa anamweleza mteja, mzee mmoja mwenye kofia ya pama, habari za kifaa kipya cha sola. Akamuuliza, "Baba, saa nane mchana betri yako ikishajaa, jua linaloendelea kuwaka linakwenda wapi?" Mzee akacheka, hajui. "Linapotea bure! Sasa hiki kinachukua ule umeme wa ziada kinaupeleka kwenye tangi, unachemsha maji. Tangi limevikwa vizuri, joto halitoki. Asubuhi unaoga maji ya moto na hujawasha hata njiti ya kiberiti." Mzee akapiga makofi. "Loo! Watu wana akili siku hizi!"

Eti siku hizi. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yule mzee, na sauti yangu haikuwa ya adabu hata kidogo, "Mama yangu alikuwa nayo hiyo Kamachumu, mimi nikiwa darasa la tatu." Wote wawili wakanigeukia. Nilipofika nje nikakumbuka balbu, nikasema potelea mbali, nikaenda zangu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia kule juu mtanielewa haraka. Mliokulia mjini, ziwani, hamjui baridi ya Kamachumu. Ukungu unalala juu ya migomba mpaka jua limepanda, na maji ya kwenye ndoo asubuhi yanauma vidole. Mtoto akiambiwa akaoge analia kabla hajavua nguo. Kwa hiyo maji ya moto kwetu hayakuwa anasa, yalikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya Mama.

Taata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Alikuwa mtu wa kutazamwa, na alitembea kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Majirani walimwita Mwalimu, na Mama naye alimwita Mwalimu. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza upande ule kufungwa sola, na si ile sola ya taa mbili na kuchajia simu. Taata alitaka friji na televisheni, basi akajaza paneli kubwa paa zima la upande wa barabarani, ili anayepita apate habari. Friji lilifanya kazi kwa muda, likafa. Hakulitupa. Liliendelea kusimama sebuleni limevikwa kitambaa cha kufuma, na Mama akaweka humo sahani za wageni. Tukabaki na umeme mwingi na hatuna cha kuufanyia.

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wa taa ya kijani. Ukutani juu ya betri palikuwa na kontrola yenye vitaa vitatu, chekundu, cha njano na cha kijani. Cha kijani kikiwaka, betri imejaa. Siku za jua kali kiliwaka mapema kabisa, watu hata hawajala chakula cha mchana, na mgeni yeyote aliyekanyaga kwetu alipelekwa kukitazama. "Unaona?" Taata angesema akiwa ameweka mikono nyuma. "Imejaa. Saa hizi! Na jua bado lipo." Mgeni angetikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilisimama nyuma yao nikijiona mtoto wa tajiri.

Tena nilikuwa na hofu yangu ya siri. Nilikuwa nimeona pipa la mvua likijaa na kumwagika, na mpira ukijazwa upepo mpaka ukapasuka, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba betri iliyojaa, jua likiendelea kumimina, lazima siku moja ipasuke na kutuua. Basi nikitoka shule nikakuta kijani, nilizunguka nyumba nikiwasha taa zote ili betri ipumue. Taata alinikuta siku moja nimewasha mpaka taa ya nje, mchana kweupe. Alinichapa kofi. "Unamaliza umeme!" Umeme gani unaokwisha saa nane mchana, jua liko utosini? Mtoto wa darasa la tatu alikuwa karibu na ukweli kuliko mwalimu wake. Lakini mkono ulikuwa wake na shavu lilikuwa langu.

Sasa nyuma ya nyumba hiyo yenye umeme wa kumwaga, kulikuwa na jiko. Mnalijua jiko la kwetu, kibanda cha peke yake, mlango mmoja mfupi, kuta nyeusi zinang'aa kwa masizi. Mama aliamka kabla ya jogoo, akaingia humo akiwa ameinama, akapuliza kuni. Msimu wa mvua kuni zilikuwa mbichi, zinatoa povu kwenye ncha na moshi mzito wa njano. Alichemsha sufuria kubwa la maji ya Mwalimu ya kuoga asubuhi, kisha maji yetu, kisha chai. Jioni tena maji ya Mwalimu, maana mzee wa kanisa hawezi kulala na vumbi la chaki. Ndizi alizipika mchana, nje uani, kulipokuwa na hewa. Maji ndiyo yaliyomfungia ndani ya moshi. Na alikuwa anakohoa. Alikohoa akiwa ameshika kizingiti cha mlango, mkono mwingine kifuani, mpaka machozi yakamtoka. Nesi wa zahanati alishamwambia mbele yangu, "Mama Koku, hicho kifua hakitaki moshi. Ukiendelea hivi hutafika mbali." Koku ni dada yangu mkubwa, wakati huo alikuwa shule ya bweni. Mama alimpelekea Taata maneno ya nesi kama alivyoambiwa. Taata alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema, "Basi acha mlango wa jiko wazi." Mlango! Ulikuwa wazi siku zote.

Mama alikuwa na mdogo wake, Mjomba Mujuni, fundi umeme wa Buhembe, mtu wa kelele na mashati ya maua, ambaye Taata hakumpenda kwa sababu alicheka hata wakati wa sala. Alikuja kututembelea siku ya jua kali, na yeye pia akapelekwa kutazama kijani. Taata alipoondoka kwenda kikao, Mama akamwita mdogo wake mpaka chini ya kontrola. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nachambua maharage.

"Mujuni," Mama akasema, "hii ikishajaa, umeme unaokuja baada ya hapo unaenda wapi?"

"Hauendi popote, dada. Kontrola inaufungia mlango."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Shemeji anaringia umeme anaoutupa." Akacheka mpaka akakohoa na yeye.

Mama hakucheka. "Ukiufungulia mlango mwingine uende kwenye maji?"

"Hiyo rahisi. Hita ninayo, tunaweka swichi hapa, kijani kikiwaka unageuza. Lakini yatapata moto mchana, dada, na wewe unayataka alfajiri."

Mama akampeleka nyuma ya jiko. Pale palikuwa na shimo la marehemu babu, baba yake Taata, ambaye hakuwa mlokole hata kidogo. Ndimo alimoivishia ndizi zake za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Shimo linapashwa moto, ndizi zinapangwa, zinafunikwa majani ya migomba na udongo, na baada ya siku kadhaa ukifunua bado joto linakupiga usoni. Mama akaonyesha kwa kidole. "Ndizi zinakaa humo siku zote hizo na joto halitoki. Maji yatashindwa usiku mmoja?"

Mjomba alimtazama dada yake, akavua shati la maua, akaanza kuchimba.

Walilaza pipa ndani ya lile shimo, wakatandika chini na pembeni makapi ya kahawa, magunia kwa magunia, yaliyokuwa yakitupwa kwenye mashine ya kukoboa. Juu wakaweka majani makavu ya migomba, kisha bati, kisha udongo. Bafu letu lilikuwa chini kidogo kwenye mteremko, kwa hiyo Mjomba akatoa bomba la shaba kutoka kwenye pipa mpaka bafuni, akafunga koki. Mama alimwomba Taata ruhusa kabla, naomba hilo mlishike. Nilikuwepo. Alisema, "Mwalimu, Mujuni anataka kunifungia maji ya moto kwa ule umeme unaobaki." Taata akajibu bila kuinua macho, "Mradi msiniguse betri."

Siku ya kwanza Taata alitoka bafuni na taulo shingoni, ngozi inatoa mvuke kwenye ukungu, akasema, "Maji ya leo yameiva kweli." Ndivyo alivyosema, na akaendelea kuoga hayo hayo, asubuhi na jioni, muda wote ule. Mama alitabasamu mpaka nikaona pengo lake la pembeni ambalo alizoea kulifichia kiganja.

Jamani, zile asubuhi! Mama aliamka jua likianza kuchungulia. Alichota maji ya moto kwenye koki, akayabandika ya chai, yakachemka kwa vijiti viwili vitatu tu. Alikuwa na muda wa kunisuka kabla ya shule. Nywele zake ziliacha kunuka moshi, na mimi, mjinga, nililalamika kwamba hanukii kama Mama. Kikohozi hakikuisha, lakini kilirudi nyuma kama mbwa aliyefukuzwa. Akarudi kwaya. Alikuwa ameacha kuimba kwa sababu alikatika katikati ya mstari, sasa akasimama tena safu ya mbele, akashika sauti ya kwanza mpaka mwisho wa ubeti. Jumapili hiyo nilikaa nimekaza mwili mzima nikisubiri akohoe, na hakukohoa.

Mchana kazi ya kugeuza swichi ilikuwa yangu nikishatoka shule. Kijani kikiwaka nageuza, na ile hofu yangu ya betri kupasuka ikaisha. Niliamini jua linateremka kwenye waya, linaingia shimoni, linalala kwenye makapi ya kahawa kama kuku anayeatamia.

Kisha mvua zikaanza. Bati lilikuwa na tundu, maji yakapenya, makapi yakalowa. Mnajua makapi ya kahawa yakilowa na kupata joto yanafanyaje. Yanachacha. Harufu yake ni tamu na chachu, inapanda puani, na mtu yeyote wa kwetu akiisikia hana haja ya kuuliza, anajua hapa kuna kinywaji. Njia ya wanawake wa kwaya ilipita nyuma ya jiko letu. Na wangeona nini? Shimo la babu limefunguliwa upya. Pipa. Bomba la shaba linalotoka kwenye pipa. Mvuke. Harufu. Kwetu vitu hivyo vikikaa pamoja vina jina moja tu, nalo ni mtambo wa gongo. Nyumbani kwa mzee wa kanisa! Wangekuja wakauliza wangeonyeshwa koki ya bafu, basi. Lakini utamu wa habari kama hiyo uko kwenye kutouliza.

Walikuja Jumamosi mchana, mwinjilisti na Mzee Kashaga, mzee mwenzake Taata katika baraza la kanisa. Waliketi sebuleni bila kuvua makoti. Mama akawaletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akapiga magoti, akawakaribisha kahawa kwa heshima ya kwetu, "Karibuni akamwani, waitu." Mwinjilisti akaangalia dari. Mzee Kashaga akaweka mikono mapajani, hakugusa. Mimi nilidhani wameshiba. Hivi sasa najua kwamba kwetu mgeni anayekataa kahawa amekuja na kisu, lakini wakati ule niliona tu Mama amebaki amepiga magoti na kikapu mkononi, na hakuna anayemwambia ainuke.

"Mwalimu," mwinjilisti akasema, "tumekuja kwa jambo la aibu. Tumeambiwa humu ndani kunapikwa gongo. Mama Koku ana mtambo nyuma ya jiko."

Nilimtazama Taata nikisubiri acheke. Hata nilianza kucheka mimi. Asubuhi ile ile alikuwa ameoga. Kola ya shati lake ilikuwa bado na unyevu. Alichotakiwa kusema ni maneno manne, ni maji ya kuoga, tena angewapeleka akawaringia kama alivyoringia kijani. Lakini macho yake yaliwaona wale watu wawili, makoti yao, kahawa iliyokataliwa, na sijui aliona nini kingine, labda kiti chake cha mbele kanisani kikiwa kitupu. Akasema, "Hata mimi nashangaa. Mambo ya huko nyuma ya jiko sijui yanayoendelea."

Mama akainua uso.

Na mimi je? Mimi nilidhani Taata amesahau. Ndivyo nilivyoelewa. Mwalimu ana mambo mengi kichwani, madaftari, vikao, kanisa, basi amesahau kidogo na mimi namsaidia. Nikamvuta shati, nikamwambia kwa upole kabisa, "Taata, si yale maji ya bafuni? Yale uliyosema yameiva." Akanitazama, na yale macho ninayo mpaka leo. Akasema, "Wewe nenda ndani." Sikuenda. Nilisogea tu mlangoni.

Walitoka wote kwenda nyuma. Mvua ilikuwa imekatika, harufu ilikuwa kali kweli. Mwinjilisti akafunika pua kwa leso. Mzee Kashaga, ambaye nasikia ujanani hakuwa mgeni wa vitu hivyo, aliinama kwenye koki ya bafu, akafungua, akakinga kiganja. Akanusa. Akalamba. Akanusa tena. Kisha akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya ni maji! Maji ya moto tu! Yanachemshwa na nini?"

"Na jua," Mama akasema. "Umeme ukishajaa kwenye betri, unaobaki unakuja huku. Makapi ya kahawa yanatunza joto. Yamelowa, ndiyo yananuka hivyo. Nilikuwa niyabadilishe."

"Mama Koku!" Mzee Kashaga alishangaa kwa furaha. "Mwalimu, mbona hukutuambia?"

Hapo ndipo mambo yangeisha. Yangeishia kwenye kicheko, chai, na kahawa kutafunwa. Lakini Taata alikuwa ameshasema hajui. Akisema sasa kwamba anajua, basi amewadanganya watumishi wa Mungu sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya mtoto wake. Nilikuja kuelewa hesabu hiyo nikiwa mtu mzima, na kadiri ninavyoielewa ndivyo ninavyokasirika. Alisimama akihangaika kama mtu aliyekanyaga matope anatafuta pa kuweka mguu. Akapata.

"Maji au si maji," akasema, "mwanamke hachimbi shimo na kutega mitambo kwenye kibanja changu bila mimi kujua. Nyumba yangu haitanuka pombe." Akachukua shoka la kuni.

Pigo la kwanza lilikata bomba. La pili lilipasua pipa, na maji ya moto yakatoka yote kwa mkupuo, yakajaza shimo, makapi yakaelea, mvuke ukapanda mpaka hatukuonana nyuso. Nilimsikia Mzee Kashaga akisema, "Mwalimu, basi, Mwalimu." Nikamsikia Mama. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Mwalimu, si umeoga leo asubuhi?"

"Nyamaza," Taata akasema.

Akanyamaza. Wale wawili waliaga haraka, hawakutaka hata kunawa miguu. Jioni hiyo hiyo Mama aliinama akaingia jikoni, akapuliza kuni mbichi, akachemsha maji ya Mwalimu. Na Mwalimu aliyaoga. Huwezi kuamini, lakini aliyaoga, akatoka na taulo shingoni.

Mjomba Mujuni alikuja kuchukua hita yake akakatazwa kuvuka uzio. Swichi iling'olewa. Pipa likabaki shimoni linashika kutu. Kijani kiliendelea kuwaka saa nane mchana, na wageni waliendelea kupelekwa kukitazama, na huko nyuma kikohozi kikarudi na hakikuondoka tena. Mama aliacha kwaya kabla mvua hazijaisha. Kwa miaka mingi niliendelea kuamini kwamba Taata alisahau. Nilimtetea hata kwa Koku. Nilikuwa kidato cha pili, nimekaa darasani nasikiliza kitu kingine kabisa, ndipo iliponijia ghafla kwamba hakuna mtu anayesahau maji aliyooga asubuhi. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Mwalimu wa zamu alinikuta nyuma ya darasa napiga mti mateke.

Mwishoni mwa maisha yake Mama hakuweza kutoka nyumbani kwenda kwenye migomba bila kukaa njiani. Tulipomfikisha hospitali Bukoba, daktari, kijana mwenye heshima zake, aliangalia picha ya kifua, akauliza, "Mama alivuta sigara miaka mingapi?" Mama yangu! Nikamwambia, "Alivuta kuni, daktari." Akaandika kitu. Siku hizo Taata alikuwa amestaafu, alimletea Mama machungwa, alikaa pembeni ya kitanda, alisali vizuri. Sisemi hakumpenda. Nasema alimpenda baada ya jina lake, na kati ya jina lake na Mama kulikuwa na nafasi ya kupita shoka.

Tulimzika kwenye kibanja, kwenye migomba ya nyumbani, kama inavyotakiwa. Siku ya kuanua matanga watu walikuwa wamejaa, nyasi mpya zimetandikwa sebuleni, na Taata amekaa katikati na koti lake jeusi. Wazee walikuwa wanamsifu marehemu. Zamu yake ilipofika Taata alifuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli, sitayasingizia. Akasema, "Nimeishi na yule mama miaka yote hii. Moshi, baridi, kazi, vyote alivibeba. Nawaambia ukweli mbele za Mungu, hakulalamika hata siku moja."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mwanamke mmoja akasema, "Kasinge, Mwalimu," akimshukuru kwa maneno mazuri. Koku alinishika mkono kwa sababu alinijua, lakini nilikuwa nimeshasimama. Sikupaza sauti.

"Taata," nikamwambia, "angelalamika kwa pumzi gani?"